Fundi Anajibu: Sproketi moja mbele, mlima umenishinda

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mwalimu, nakaa Soni na nafundisha Lushoto. Nina baiskeli ya mlima ya mtumba, tairi inchi 26, ilikuja na sproketi tatu mbele na nane nyuma. Fundi wa hapa alinishauri nibaki na moja mbele kama baiskeli za kisasa. Akabakiza ya kati, meno 32, akang'oa nyingine mbili pamoja na kile kifaa cha kuhamishia cheni. Kubwa la nyuma nalo lina meno 32. Sasa kona kali nashuka nasukuma, na kwenye mashimo cheni inachomoka. Nirudishe zote tatu?

JIBU: Marahaba mwalimu. Miaka mingi hapa Tanga nilikuwa nawacheka watu wa gia; mji wetu tambarare, gia moja inakutosha mpaka uzeeni. Siku niliyojitia kupanda kutoka Mombo kwa baiskeli ya mteja, nilifika hapo kwenu Soni miguu inatetemeka kama ya mbuzi aliyezaliwa jana. Tangu hapo sicheki.

Ushauri wa fundi wako si mbaya, ila hesabu aliiacha njiani. Gawanya meno ya mbele kwa meno ya nyuma. Zamani gia yako nyepesi, kama ile ndogo ya mbele ilikuwa na meno 22 kama zilivyo nyingi, ilikuwa 22 kwa 32, yaani 0.69: ukizungusha pedeli mara moja unasogea mita 1.4 hivi. Sasa ni 32 kwa 32, mita mbili na ushee kwa mzunguko uleule. Ulichopoteza ni gia yenyewe ya mlima, na mapafu yako hayana kosa.

Ukitaka kubaki na moja mbele, kilichotolewa mbele lazima kirudi nyuma. Tafuta kaseti (fungu la sproketi za nyuma) ya gia nane yenye kubwa la meno 40 au 42, na mbele ufunge sproketi ya meno 30. Thelathini kwa 42 ni 0.71, karibu sawa na ulivyokuwa. Kwenye mteremko mwendo wako utapungua kidogo, lakini kona za Soni mimi sioni sababu ya kukimbilia huko chini.

Kabla ya kununua, pima. Kama krenki, ile mikono ya pedeli, inashika sproketi kwa bolti nne, weka rula kutoka katikati ya bolti moja hadi ya jirani yake. Ukipata milimita 73 na nusu, hiyo ni saizi ya 104, yaani milimita za upana wa duara linalopita kwenye bolti zote nne. Hapo 30 ndiyo ndogo kabisa inayoingia, na lazima iwe iliyotengenezwa kwa saizi hiyo. Usikubali kuuziwa ya 28.

Nyuma nako zungusha meno kinyumenyume ukiangalia pale katikati panapoingia spana. Pakizunguka pamoja na meno, ni kaseti. Pakitulia, ni frii ya kuskrubu, na kaseti haitaingia bila kubadili habu, kile kitovu cha gurudumu. Hapo wengi wanapoteza pesa.

Mkono wa nyuma unaohamisha cheni, kama ni ule mrefu wa baiskeli za gia tatu mbele, utaimudu cheni. Shida itakuwa kuikwepa ile sproketi kubwa. Kaza ile skrubu ndogo inayousogeza mbali na meno, isipotosha kuna kipande cha kuurefushia kinachofungwa chini ya sikio la fremu, pale mkono unaponing'inia. Cheni yenyewe nunua mpya. Usiikate kwa macho: izungushe sproketi ya mbele na kubwa la nyuma bila kuipitisha kwenye mkono huo, kisha ongeza vipande viwili.

Kuhusu kuchomoka: sproketi uliyobakiziwa ina meno yaliyochongwa makusudi ili cheni ihame kirahisi. Uking'oa kile kifaa cha kuihamishia, ambacho pia huizuia, itahama yenyewe. Hiyo ya 30 chukua yenye jino nene, jino jembamba, nene, jembamba, inaishika cheni.

Pesa ikikosekana mwezi huu, sproketi ndogo inarudi kwenye matundu yake ya ndani bila kile kifaa. Ukifika chini ya mlima simama, ihamishe cheni kwa kijiti, panda. Mikono itachafuka, chukua kitambaa. Ila wahi kamdai fundi wako kabla hajaiuza.