Pesa za Mlango wa Nyuma kwa Wanamichezo wa Vyuo Marekani: Kinachowafikisha Mahakamani

Wazazi wanaonipigia simu kutoka Eldoret, Iten na siku hizi Arusha huanza na swali lilelile: kijana wetu amepata skolashipu ya michezo Marekani, kuna tajiri anataka kumsaidia pesa, je, anaweza kufungwa? Huwa nawajibu kwamba si kawaida mwanamichezo kushtakiwa kwa sababu tu alipokea pesa. Kinachomfikisha mbele ya jaji ni yale yaliyofanywa baadaye ili pesa hizo zisijulikane. Na kwa mtoto wetu aliyeingia na viza ya mwanafunzi, iko hatari nyingine ambayo mwenzake Mmarekani hana kabisa. Nitaifikia.

Nilikimbia mbio za nyika na mita 10,000 katika chuo kimoja kule kwa skolashipu, na baada ya kuhitimu nikaajiriwa katika ofisi inayosimamia kanuni za michezo chuoni. Kazi yetu ilikuwa kujua nani amempa mwanamichezo nini, na kwa nini. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaona nikiwa mkimbiaji, kisha nikayaona tena nikiwa nimekaa upande wa pili wa meza.

Kwanza tuwafahamu watu wenyewe. Kila chuo kikubwa cha Marekani kina wafadhili wa timu, ambao wenyeji huwaita mabusta. Wengi ni watu wema waliosoma hapo zamani. Wengine ni wafanyabiashara wa mji ule ambao maisha yao ni timu. Kwa kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, si lazima mtu awe bilionea ndipo ahesabiwe mfadhili. Aliyechangia mfuko wa michezo ili apate tiketi za msimu tayari ni mmoja wao, na akishaingia katika kundi hilo hatoki. Hivyo yule mzee mpole anayemkaribisha mtoto wako chakula cha Krismasi anaweza kuwa mfadhili bila mtoto kujua, pengine bila mzee mwenyewe kulifikiria jambo hilo.

Kesi ninayowasimulia kila mara ni ya Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1992 na 1993 timu yake ya mpira wa kikapu ilifika fainali ya taifa ikiongozwa na vijana watano walioingia chuoni pamoja, akiwemo Chris Webber. Nyuma ya timu hiyo alikuwapo Ed Martin, fundi umeme mstaafu wa Ford aliyeendesha kamari haramu ya namba miongoni mwa wafanyakazi wa viwanda vya magari Detroit. Fedha za kamari ile aliziingiza kwa wachezaji kama mikopo, akitumaini kurudishiwa wakishakuwa matajiri. Mashtaka ya serikali yalitaja dola 616,000 kwa wachezaji wanne wa Michigan, Webber pekee akitoka katika wale watano, na kati ya hizo dola 280,000 zikahusishwa na Webber na familia yake. Yote yalianza kufukuliwa baada ya ajali ya gari mwaka 1996, gari lililojaa wachezaji pamoja na kijana wa sekondari aliyekuwa anashawishiwa kujiunga na chuo. Watu wakaanza kuuliza: gari lile la thamani mwanafunzi alilipataje?

Sasa angalia sheria ilimshika nani na kwa lipi. Martin alikiri mwaka 2002 kosa la kula njama ya kutakatisha fedha, akafariki Februari 2003 kabla ya kuhukumiwa. Webber, wakati huo nyota wa ligi ya kulipwa ya NBA mwenye mamilioni, hakushtakiwa kwa kupokea chochote. Alishtakiwa kwa maneno aliyoyasema chini ya kiapo mwaka 2000, alipoitwa mbele ya jopo la wananchi linaloamua kama kuna kesi ya kufunguliwa. Baba yake na shangazi yake walishtakiwa pamoja naye. Julai 2003, kesi ikikaribia kusikilizwa, alikiri kudharau mahakama: hakuwa amesema ukweli kuhusu takriban dola 38,000 alizomrudishia Martin mwaka 1994. Mwaka 2005 akatozwa faini ya dola 100,000, juu ya saa za kazi za kijamii alizokwisha kutumikia.

Isome hiyo tena taratibu. Mtu yule alikuwa amerudisha pesa. Angesema tu, “Ndiyo, alinipa, na nyingine nilimrudishia,” pengine tungekuwa tunazungumza juu ya aibu ya kimichezo, yaishe. Lakini kwa kuuficha ukweli chini ya kiapo alijiletea mashtaka ya jinai, na yakawagusa hata waliomlea. Chuo nacho kilifuta matokeo ya misimu kadhaa na kushusha bendera za 1992 na 1993, na NCAA ikaamuru Webber asihusiane na idara yake ya michezo hadi 2013.

Ninawaambia vijana: msiige uongo huo mkidhani ni uaminifu kwa mfadhili. Marekani, kumdanganya mpelelezi wa serikali kuu ni kosa peke yake, hata kama hukula kiapo, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kwetu wengi tumezoea kwamba ukiulizwa na askari unajibu chochote ili akuache uende zako. Kule ndiko unakojifunga.

Kesi ya pili inaniuma zaidi, kwa sababu mchezaji mwenyewe aliuzwa. Huko Memphis alikuwapo kijana wa futiboli ya Kimarekani, Albert Means, aliyetafutwa na vyuo vingi. Kocha wake wa sekondari, Lynn Lang, alipokea dola 150,000 kutoka kwa Logan Young, tajiri mfadhili wa timu ya Chuo Kikuu cha Alabama, ili kijana aelekezwe huko. Februari 2005 Young alitiwa hatiani katika mahakama ya shirikisho, na mojawapo ya makosa ilikuwa jinsi alivyotoa pesa benki kwa vipande ili kuficha njia yake. Alihukumiwa kifungo cha miezi 6, akakata rufaa, akafariki mwaka 2006 kabla haijakwisha. Timu ya Alabama ilikuwa imekwisha kufungiwa michezo ya mwisho wa msimu kwa miaka 2. Means hakushtakiwa, ila ilimbidi ahame chuo, na jina lake limebaki kwenye kashfa ambayo wazee waliipika juu ya kichwa chake.

Mzazi, hapa nataka unisikilize vizuri. Anayemtafutia mtoto wako chuo, awe kocha wa kambi, mwalimu wa michezo au “ajenti” aliyekuja na gari zuri, muulize waziwazi: unalipwa na nani, na unalipwa nini, mtoto huyu akienda chuo hiki badala ya kile? Mwenye kazi safi atajibu bila kukunja uso. Na asikwambie kwamba pesa taslimu hazionekani. Benki za Marekani hulazimika kuiripoti serikali kila muamala wa pesa taslimu unaozidi dola 10,000, na kuzigawa kwa makusudi ili zisifike kiwango hicho ni kosa hata kama pesa zenyewe zilipatikana kwa halali.

Mwaka 2017 FBI walikamata watu kadhaa wa mpira wa kikapu, na safari hii pesa zilitoka kwa watu wa kampuni ya viatu. James Gatto wa Adidas alitiwa hatiani Oktoba 2018 pamoja na wenzake wawili, kwa mipango iliyojumuisha dola 100,000 zilizoahidiwa familia ya mchezaji Brian Bowen ili ajiunge na Chuo Kikuu cha Louisville. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba vyuo ndivyo vilivyotapeliwa, maana vilitoa skolashipu kwa vijana ambao tayari walikuwa wamepoteza sifa za kucheza bila vyuo kujua. Gatto alipewa miezi 9. Bowen hakushtakiwa, lakini hakucheza hata mechi moja ya chuo.

Nitasema wazi kwamba kanuni za zamani, zilizowakataza wanamichezo kulipwa, zilikuwa za dhuluma. Vyuo na televisheni vilivuna mabilioni, na kijana aliyejaza uwanja alilala na njaa mwisho wa mwezi. Nimewaona. Ndiyo maana nilifurahi Juni 2021 Mahakama ya Juu ilipoamua kwa kauli moja, majaji 9 kwa 0, dhidi ya NCAA katika kesi ya Alston, iliyohusu mipaka ya msaada wa masomo ambao vyuo viliruhusiwa kuwapa wanamichezo. Kuanzia Julai 1 mwaka huo wanamichezo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao. Kisha Juni 2025 Jaji Claudia Wilken akaidhinisha makubaliano ya kesi ya House, iliyopewa jina la mwanamichezo aliyeishtaki NCAA: dola bilioni 2.8 za fidia kwa waliocheza zamani, na vyuo vilivyoingia katika mpango huo kuruhusiwa kuwalipa wanamichezo wao moja kwa moja, hadi dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza.

Kwa hiyo watu huniambia, basi siku hizi mambo ni huria. Si kweli. Mkataba wa jina na sura unaozidi dola 600 lazima uripotiwe. Ukitoka kwa mfadhili wa timu au kikundi chake, hukaguliwa kama kuna kazi halisi ya biashara ndani yake na kama malipo yanalingana na kazi hiyo. Mwenye duka la magari anaweza kumlipa mwanariadha atokee kwenye tangazo. Hawezi kumpa bahasha kwa sababu timu ilishinda Jumamosi.

Sasa ile hatari ya watoto wetu. Kanuni za michezo zilibadilika, za viza hazikubadilika pamoja nazo. Wanafunzi wetu wengi huingia kwa viza ya F-1, ambayo humruhusu mtu kufanya kazi ndani ya kampasi kwa saa zisizozidi 20 kwa wiki wakati wa masomo. Kazi ya nje huhitaji idhini maalumu. Tangazo la duka la magari ni kazi. Kumpigia mfadhili picha za mtandaoni ili akulipe ni kazi. NCAA inaweza kuubariki mkataba, chuo kikaupigia makofi, halafu uhamiaji wakaona umefanya kazi bila idhini na hadhi yako ya mwanafunzi ikapotea. Mmarekani akikosea hapo hukosa mechi. Wetu anaweza kukosa masomo, mbio na njia ya kurudi Marekani, kwa mara moja.

Ndiyo maana Oscar Tshiebwe, mzaliwa wa Lubumbashi na mchezaji bora wa taifa wa vyuo mwaka 2022, alifanya shughuli zake za matangazo timu ya Kentucky ilipokuwa ziarani Bahamas Agosti mwaka huo, nje ya ardhi ya Marekani. Hakuamka tu akaenda. Mambo kama hayo hupangwa na wanasheria wa uhamiaji hatua kwa hatua. Kijana wako akiambiwa “wenzako wote wanafanya,” amuulize msemaji ni wenzake wenye viza gani.

Kodi sitaikalia sana. Malipo ya matangazo ni mapato, mwanafunzi wa kigeni hujaza fomu zake tofauti na za Wamarekani, na hata sehemu ya skolashipu inayolipia chumba na chakula inaweza kutozwa kodi. Atafute msaada ofisini kwa wanafunzi wa kigeni kila mwaka kabla ya Aprili.

Nikiwa kazini alikuja mkimbiaji kutoka Bonde la Ufa aliyefiwa na baba yake. Mfadhili mmoja, mtu mwema kabisa, alikuwa ameshataka kumkatia tiketi ya ndege usiku uleule. Kijana alikuwa analia, na rafiki zake walimwambia achukue tu, maana nani atamlaumu mtu kwa kwenda kumzika mzazi? Alikuja kutuuliza kwanza. Upo mfuko wa msaada wa NCAA unaopitia vyuoni kwa ajili ya dharura kama hizo, na ofisi yetu ikalipa tiketi yake. Alimzika baba yake, akarudi, akamaliza shahada. Yule mfadhili tulimweleza, akaelewa, na mchango wake akauelekeza kwenye mfuko wa chuo. Wanafunzi wengi hawajui kwamba mfuko huo upo kwa sababu hakuna aliyewaambia wala wao hawakuuliza. Kwa hiyo mwambie mtoto wako auulize wiki ya kwanza anapofika, kabla shida haijabisha hodi.

Na kama pesa zimeshapokelewa? Usizirudishe kimyakimya, wala usifute ujumbe kwenye simu. Kufuta ushahidi ni kosa jipya, na kurudisha kwa siri kunaweza kuonekana kama kuficha. Andika tarehe, kiasi, aliyetoa na alichosema. Kisha tafuta mwanasheria kabla ya kuzungumza na mtu yeyote anayechunguza, na awe mwanasheria wako mwenyewe. Yule wa chuo ni mpole, atakuletea maji ya kunywa na atakuita kwa jina, lakini mteja wake ni chuo. Maslahi ya chuo yakitofautiana na yako, atasimama na chuo, na hilo si kosa lake. Unayo haki ya kusema “nitajibu nikiwa na mwanasheria wangu,” na kusema hivyo si uongo wala ukaidi. Asiye na pesa aanze na kitivo cha sheria. Vyuo vingi vina kliniki za sheria, na baadhi hushughulikia mambo ya uhamiaji bila malipo. Waambie mapema kwamba una viza ya F-1, maana ushauri unaomfaa mwenzako wa chumba kimoja unaweza usikufae wewe.