Mnaoanza kuripoti habari za polisi hapa Mombasa, msikimbilie jina

Nyinyi mnaoanza, na hapa nawaambia hata wenye kurasa za mtaa kule Facebook, sio wa redio na magazeti peke yao, kitu cha kwanza kitakachowafikia ni picha. Saa kumi na moja alfajiri simu inalia, kwenye grupu la WhatsApp askari fulani ametupa picha ya vijana watatu wamekalishwa chini kwenye saruji, miguu chini hawana viatu, mbele yao wamepangiwa panga mbili na simu kama saba hivi, na maneno yake: majambazi sugu wanaswa, majina ni haya. Umepewa kila kitu mpaka kichwa cha habari. Na mwenzako wa redio nyengine naye yuko grupu hilo hilo, kwa hivyo mkono unawasha.

Mie uliniwasha. Nilikuwa na miezi minne kazini, nikayasoma majina kama hayo kwenye taarifa ya saa moja asubuhi, majina matatu kamili na mtaa juu. Siku ya tatu mmoja wao akaachiliwa, hakusomewa shtaka lolote, kumbe alikuwa dereva wa tuktuk aliyebeba abiria asowajua. Lakini mwenye tuktuk alikuwa ashachukua ufunguo wake tangu ile asubuhi ya redio. Wiki iliyofuata mamake akaja ofisini, amevaa buibui lake na kijimfuko mkononi, ndani mna karatasi alopewa mwanawe kule polisi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri tu, hata sauti hakupandisha, akaniuliza, "Mwanangu, na ile ya kuwa ameachiliwa mtaisoma saa ngapi?" Nikamwambia nitamuuliza mhariri. Mhariri akasema hiyo si habari. Haikusomwa.

Basi tukija kwenye kazi yenyewe: jina lingoje mpaka mtu ashtakiwe. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, inasema mtu akikamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, na kama saa hizo zinaishia wikendi au sikukuu basi siku ya korti inayofuata. Kwa hivyo ukisema nangojea ashtakiwe ndio nitaje jina, pengine unangojea siku moja tu, akikamatwa Ijumaa ndio utangoja mpaka Jumatatu. Stori unaweza kuitoa leo leo, watu watatu wamekamatwa, wapi, kwa tuhuma gani, polisi wanasema nini. Msikilizaji hajapungukiwa na chochote anachokihitaji.

Hapa wengi wenu huteleza: kufikishwa kortini sio kushtakiwa. Utaona mtu yuko kizimbani, upande wa mashtaka unaomba apewe siku 14 wamalize uchunguzi, hakimu anakata anatoa saba, na wewe unakimbia kuandika "ashtakiwa kwa wizi wa mabavu". Hajashtakiwa! Hakuna hati ya mashtaka hapo, kuna ombi la kumzuilia tu, na kwenye kesi za ugaidi hizo siku zinaweza kuongezwa mpaka 90. Andika hivyo hivyo ilivyo. Na akisomewa mashtaka, nenda kaisome ile hati kwa macho yako, usichukue kwa mtu aliyekuwa amekaa benchi la nyuma.

Ukiisoma angalia jina lilivyoandikwa, kwa sababu mji huu wetu majina tunagawana. Simama Marikiti uite Salim Said uone watageuka wangapi. Mtu akishashtakiwa ndio unaongeza umri na mtaa ili wale akina Salim Said wengine walale usingizi. Kabla hajashtakiwa, maelezo hayo hayo ndio yanayomuumbua, maana kuna yule mjanja anayesema mie jina sikutaja, lakini ameandika "mwalimu wa madrasa mwenye miaka 34, anayeishi nyuma ya msikiti fulani Kisauni". Hapo umebakisha nini? Jirani zake wote washamjua, nje ya Kisauni ndio hawamjui, na maisha yake yako Kisauni.

Halafu hili neno "inadaiwa", watu wamelifanya hirizi. Unalivaa shingoni kisha unaandika "jambazi huyo inadaiwa alivamia duka", ushamwita jambazi, hiyo inadaiwa inakusaidia nini? Mshukiwa ni mshukiwa, mshtakiwa ni mshtakiwa, na mhalifu anaitwa hivyo na hakimu. Kifungu cha 50 kinasema hana hatia mpaka ithibitishwe. Na kwa usalama wako mwenyewe, sheria ya kashfa inakulinda vizuri ukiripoti kwa usahihi yaliyosemwa mbele ya hakimu, lakini picha ya kurushiwa na askari usiku haina kinga kama hiyo, siku ya kesi askari huyo hutamuona.

Uingereza wenzetu wamefika mbali. Mwaka wa 2014 BBC walirusha helikopta wakaonyesha polisi wakipekua nyumba ya mwimbaji Cliff Richard, hakukamatwa wala hakushtakiwa, na 2018 mahakama ikaamua alipwe fidia ya pauni 210,000. Kisha Februari 2022 Mahakama ya Juu kule, kwenye kesi ya shirika la habari la Bloomberg, ikasema mtu anayechunguzwa, kabla ya kushtakiwa, kwa kawaida ana haki ya kutarajia faragha.

Lakini mie sitaki tuinakili hiyo nzima nzima hapa Pwani, na hili niliweke wazi kwa sababu vijana mkishasikia faragha mnaweza kuzidisha. Hapa kuna familia ambazo mtoto wao alichukuliwa na gari lisilo na namba, ukiuliza stesheni zote wanasema hatuna mtu kama huyo. Mamake akikujia, au watu wa mashirika ya haki za binadamu kama Haki Africa au MUHURI wakikupigia, wanataka jina litajwe, na picha juu, na saa aliyochukuliwa, kwa sababu jina likishatangazwa inakuwa shida kumpoteza mtu kimya kimya. Litaje! Ila litaje kama mtu anayetafutwa na familia yake, usimbandike tuhuma na hali hata polisi hawajakubali kuwa wanaye. Mie siku hizi kabla ya kutaja jina najiuliza ni nani anayelitaka litajwe, na kwa nini. Polisi wakitoa taarifa rasmi kuwa fulani ni hatari na ametoroka, sawa. Afisa wa serikali anachunguzwa kwa pesa za umma, hilo nalo jambo la umma, ila umpigie simu kwanza umsikie.

Walio chini ya miaka 18 hawatajwi, basi. Na kesi za ubakaji au unajisi kuwa macho zaidi, mshukiwa akiwa ni baba, ukimtaja umemtaja na mtoto aliyetendewa, hata huyo baba akishashtakiwa.

Mwisho nunueni daftari, hata lile la shilingi hamsini. Kila aliyekamatwa ukaripoti habari yake, umemtaja ama hujamtaja, muandike na tarehe ya kurudi kumuulizia. Langu mwezi uliopita lilikuwa na wanne wanaongoja, nikaenda kortini nikamkuta karani anakunywa chai na mahamri, akanitafutia faili moja, imefungwa, polisi hawakupata ushahidi. Huyo redio zote zilikuwa zimemtaja. Habari hiyo ya kufungwa faili nikaisoma kwenye taarifa ya saa moja jioni, sekunde ishirini, baada ya matokeo ya mpira.