Kuita kulungu Kentucky: jibu kwa aliyepuliza filimbi Jumamosi tatu bila kuona mkia

Ndugu yetu wa Louisville ameuliza hivi: amekata leseni yake ya kwanza, amenunua filimbi ya kuguna na lile kopo ukilipindua linalia kama jike, amekaa msituni Jumamosi tatu mfululizo akipuliza kila baada ya dakika tano, na hajaona hata mkia. Anauliza kama filimbi ni mbovu au kulungu wa huku wamezoea kudanganywa.

Mdogo wangu, filimbi yako haina kasoro. Huu ni msimu wangu wa kumi na moja hapa Kentucky, na miwili ya kwanza niliimaliza kama wewe: mate yamejaa kwenye filimbi, friji haina nyama. Ngoja nikueleze kwa urefu, maana najua wapo wengi wanaosoma bila kuuliza.

Kwanza tuelewane jina. Ninayemsema ni kulungu mwenye mkia mweupe kwa chini, anaousimamisha kama leso akikimbia. Wengine mnamwita paa, wasoma Biblia mtamwita ayala. Si yule kulungu wa nyumbani ambaye pia huitwa mbawala au pongo. Yule pembe zake ni za maisha. Huyu wa huku huziangusha kila mwaka majira ya baridi na kuota nyingine. Dume anabeba pembe hizo kwa ajili ya msimu wa kupandana, na ukijua yuko wapi kwenye msimu huo, umeshajua nusu ya habari ya kumwita.

Mimi kuita nilikuona kabla sijajua kama Marekani ipo. Mjomba wangu, mtu wa Fizi kule Kongo, alikuwa akibana pua kwa vidole viwili na kutoa kilio chembamba cha funo mtoto aliyekamatwa. Alilia mara mbili, ikizidi sana tatu. Baada ya hapo kimya, kimya kirefu mpaka sisi watoto tunasinzia, na funo anatokea pale pale amesimamisha masikio. Kabla hajabana pua alikuwa anaokota jani kavu, analisaga kiganjani na kuliachia lipeperuke. Akiona unga umekwenda upande asioupenda, tulihama bila yeye kusema neno. Nilidhani ni dawa. Nimekuja kumwelewa nikiwa mtu mzima, nimekaa juu ya mti katika nchi ya wenyewe, kulungu wa tatu wa asubuhi hiyo ameshanipulizia pua na kutoweka.

Kwa hiyo swali langu kwako kabla ya filimbi: upepo ulikuwa unatoka wapi? Hukuandika, na nahisi hukuangalia. Kulungu anaweza kukuona akasita. Anaweza kukusikia akasimama kusikiliza tena. Akikunusa, hana la kufikiria, ameondoka, na mara nyingi hutajua kama alikuja. Ukipuliza filimbi upepo ukiwa mgongoni mwako unaelekea kule unakomtarajia, umemwita aje anuse jasho lako.

Na upepo wa vilima vyetu una tabia mbili. Kuna ule wa utabiri wa hali ya hewa kwenye simu, na kuna hewa ya mahali penyewe. Alfajiri kukiwa na baridi, hewa nzito inateremka korongoni kama maji. Jua likipasha mteremko, inageuka na kupanda. Jioni inarudi kushuka. Asubuhi ya saa moja unaweza kuwa salama, saa tatu harufu yako yote iko kwenye mgongo wa kilima walikolala. Tembea na kichupa cha poda ya mtoto. Mimi natumia manyoya ya mmea mmoja wa porini hapa, maganda yake yakipasuka yanatoa kitu kama sufi. Nyuzi moja ukiiachia unaifuata kwa macho mbali sana, unaiona inavyojikunja kwenye korongo ambako usingedhani hewa inapita. Sijapata kifaa cha dukani kinachonishawishi kukiacha kinyoya hicho.

Mahali pa kukaa sitaeleza sana. Tafuta mialoni, hasa ile myeupe, maana kokwa zake wanazipenda kuliko chochote zikianza kudondoka. Tafuta miti midogo iliyochunwa gome kwa pembe, na ardhi iliyokwanguliwa chini ya tawi lililotafunwa. Halafu kaa pembeni mwa hapo, si juu yake.

Sasa kuita kwenyewe.

Filimbi ya kuguna ndiyo chombo cha kwanza, na kwa anayeanza ningesema inatosha peke yake. Mguno ni sauti fupi, nzito, ya kifuani. Dume anaguna akimfuata jike, anaguna akitaka mwenzake ajue yupo. Kosa letu ni kupuliza kama tarumbeta ya harusi. Funika mdomo wa bomba kwa kiganja, sema ndani yake kama unayeguna mwenyewe, sekunde moja, nyamaza, moja tena. Kwanza kwa sauti ya chini, kwa sababu huenda yuko yadi 40 nyuma ya kichaka na wewe humwoni. Usipoona kitu, subiri dakika ishirini au nusu saa ndipo urudie. Kila dakika tano ni kelele. Hakuna kulungu anayeongea peke yake asubuhi nzima mahali pamoja, na dume mzee analijua hilo.

Matumizi bora ya filimbi ni pale unapomwona. Dume anapita mbali, hana habari na wewe, anakaribia kupotea. Guna mara moja. Angalia masikio. Kama hakugeuka, hakusikia, ongeza kidogo. Akisimama na kugeuza kichwa, amesikia, na hapa ndipo wengi tunapoharibu: nyamaza. Usipulize akiwa anakutazama, maana ameshapima sauti imetoka mti gani, na akitazama hapo akakosa kulungu, anajua. Usipulize akiwa anakuja. Anakuja! Unataka nini tena? Puliza tena pale tu akipoteza hamu na kugeuka kuondoka.

Kopo la kulia ni sauti ya jike, ndefu kidogo, karibu na ya mbuzi. Jike hukaa kwenye joto kama siku moja tu, asiposhika mimba joto linarudi baada ya takriban siku 28. Ndiyo maana madume yanahangaika hivyo, wakati wenyewe ni mfupi. Pindua kopo mara mbili, ongeza mguno mmoja nyuma yake, na umesimulia hadithi nzima: jike yupo, na kuna dume anamfuata. Hapa kwetu kilele ni karibu na katikati ya Novemba, kwa kuwa kinachoamsha majike ni kupungua kwa mwanga wa mchana, na mwanga hauchelewi. Baridi ikija mapema utawaona wanatembea zaidi mchana, lakini kalenda ya kupandana ni ile ile. Jumamosi zako tatu zilianza mwishoni mwa Oktoba, kwa hiyo kopo ulilitoa mapema. Wiki hizo madume yanapimana nguvu, majike bado.

Kugonganisha pembe ndiko kunakofaa wiki hizo, kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka siku za mwanzo za Novemba. Kilele kikifika, dume mwenye jike wake haachi jike akaangalie ugomvi wa wengine. Anza taratibu, pembe zisuguane kama vijana wanaojaribiana, kisha zipige kwa nusu dakika hivi, kanyaga majani makavu kama uko chini, nyamaza. Dume anayekuja kwa pembe karibu kila mara huzunguka apate upepo wa wagombanaji kabla hajajitokeza. Kwa hiyo kaa mahali ambapo upande harufu yako inakokwenda pana kizuizi, bwawa, ukingo mkali, shamba tupu, alazimike kupita mbele yako. Au nendeni wawili, anayegonga akae nyuma, anayelenga akae mbele upande wa chini ya upepo.

Kuna sauti ya kupuliza pua na kumalizia na mluzi mrefu, ya dume aliyekasirika. Iache kwanza. Inafukuza madume madogo, na anayeanza anahitaji kuona kulungu wengi. Kilio cha mtoto pia nimeacha kukitumia. Kinaleta majike kweli, mama anakuja mbio amechanganyikiwa, na kinaleta mbweha wakubwa wa huku, koyoti. Mwaka mmoja alinijia jike akazunguka mti wangu akipiga mguu chini, anatafuta mtoto ambaye hayupo. Nilishusha bunduki. Mjomba alikitumia kwa sababu nyumbani walikuwa wanangoja chakula. Mimi duka liko dakika kumi.

Hatari moja nataka uisikie vizuri. Ukiita kama kulungu, wanaokuja si kulungu peke yao. Kwenye ardhi ya umma, kama Daniel Boone National Forest, mwindaji mwenzako anaweza kunyatia sauti yako. Siku za bunduki sheria ya Kentucky inataka rangi ya machungwa inayoonekana pande zote, kichwani, kifuani na mgongoni. Usiione kama adhabu, kulungu hana macho ya kuitofautisha rangi hiyo. Bluu ndiyo anayoiona vizuri, kwa hiyo jinzi iache nyumbani. Ukiwa chini, egemea mti mpana kuliko mabega yako. Ukimwona mtu anakuja, ongea kwa sauti ya mtu, usipunge mkono. Na kama unapanda mtini, funga mkanda wa usalama tangu mguu wa kwanza unapotoka ardhini. Kuanguka kutoka kiti cha mtini kumelemaza wawindaji wengi katika nchi hii.

Akitokea, subiri asimame ubavu. Lenga nyuma kidogo ya bega, chini ya katikati ya mwili, kwenye mapafu na moyo. Usipige aliyesimama kwenye upeo wa kilima na anga nyuma yake, risasi haina pa kuishia. Ukishapiga, kaa. Nusu saa hadi saa moja. Damu nyekundu yenye povu ni mapafu, hajaenda mbali. Damu nyeusi ni ini, ongeza saa kadhaa. Ukiona uchafu wa kijani wenye harufu ni tumbo, rudi nyumbani ukarudi baada ya saa nyingi. Msimu wangu wa pili nilipiga tumbo jioni, na sikungoja. Nilimfuata na tochi, nikamwamsha pale alipokuwa amelala kufa, akavuka barabara na kuingia shamba la mtu nisiye na ruhusa kwake. Nilimkosa. Nilitafuta kesho yake mpaka usiku. Sikulala vizuri wiki nzima, na nakuandikia haya ili mnyama wako asife hivyo.

Sheria kwa haraka, na usome mwongozo wa mwaka husika wa Kentucky Department of Fish and Wildlife Resources, kwa sababu unabadilika. Aliyezaliwa kuanzia 1/1/1975 anahitaji cheti cha mafunzo ya uwindaji. Ardhi ya mtu huingii bila ruhusa. Dume mwenye pembe ni mmoja tu kwa mwaka wa leseni. Ukishaua unaandika kwenye kumbukumbu yako hapo hapo, na unaripoti kwa simu au mtandaoni siku hiyo hiyo kabla ya saa sita usiku. Mwenye green card anaweza kununua bunduki. Wenye visa za muda, sheria ya shirikisho inawabana, muulizeni mwanasheria kwanza. Na nyama ya porini haiuzwi. Najua sherehe zetu zina watu wengi na kuna mtu atakuambia akupe pesa kidogo. Gawa bure au usigawe.

La mwisho linatuhusu sisi tunaopenda supu ya kichwa. Mwaka 2023 ugonjwa wa kukondesha kulungu uligunduliwa Ballard County, magharibi ya jimbo. Haujathibitishwa kuambukiza watu, lakini ushauri wa wataalamu ni kutokula nyama ya mnyama aliyepimwa akaonekana anao, na kutokula ubongo, uti wa mgongo, macho wala bandama. Mama yangu hakufurahi nilipomwambia. Sasa nampelekea paja, analipika na mawese mpaka linaachana na mfupa.

Jumamosi hii kuna ufunguzi wa bunduki. Fika gizani, achia kinyoya, kaa. Filimbi iweke mfukoni saa nzima ya kwanza na usikilize tu, utawasikia wao wenyewe wakigunana. Jioni ukirudi niandikie, hata kama hukuona kitu, lakini safari hii uniambie upepo ulitoka wapi na uligeuka saa ngapi.