Nairobi au Kigali? Usiangalie mshahara tu, angalia na kazi itakayofuata

Siku hizi kila baada ya muda mfupi lazima anitafute mdogo wangu mmoja, developa (mtengeneza programu za kompyuta), ana ofa mbili mkononi, moja ya Nairobi nyingine ya Kigali, na swali ni lilelile: dada niende wapi. Mimi nilitokea Mwanza nikiwa na ofa hizohizo mbili, nikaenda Nairobi, na kazi yenyewe imenipeleka Kigali mara nyingi mpaka pale soko la Kimironko kuna mama muuza matunda tunasalimiana kwa majina, kwahiyo naongea kama mtu aliyeishi upande mmoja na kuuzoea upande wa pili.

Jibu langu naliweka mwanzoni kabisa. Usichague mji kwa sababu ya kazi waliyokupa, chagua kwa sababu ya kazi utakayoitafuta hiyo ya kwanza ikiisha. Mana itaisha tu. Hizi kampuni zetu za teknolojia nyingi zinaishi kwa hela za wawekezaji, na hela za wawekezaji zikikauka hakuna cha "wewe ni mchapakazi". Mwaka 2019 Andela, kampuni iliyokuwa ikiwafundisha madevelopa na kuwakodisha kwa kampuni za nje, ilipunguza madevelopa wachanga karibu 400 kwenye nchi za Nigeria, Kenya na Uganda. Sendy ya Nairobi, ya usafirishaji wa mizigo, ilifunga 2023, Copia ya kuuza bidhaa mtandaoni nayo ikawekwa chini ya wasimamizi Mei 2024. Hao waliopoteza kazi wengi walikuwa wazuri sana kwenye kazi zao, wengine walikuwa wamehamia mji kwa ajili ya hiyo ofisi moja tu, wamelipa dipoziti ya nyumba, wameshaleta na watoto.

Sasa hapo ndipo Nairobi inapokuwa na nguvu ambayo huioni kwenye barua ya ofa. M-Pesa ilianza 2007, Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi na kuziweka kwenye ramani, ikazaliwa 2008 baada ya ile vurugu ya uchaguzi wa Kenya, iHub, sehemu ya watu wa teknolojia kukutana na kufanyia kazi, ikafunguliwa 2010 pale Ngong Road, Microsoft wakaweka kituo chao cha kutengeneza programu 2019, Google nao wakatangaza cha kwao 2022. Ukizipanga hivyo unaona sio bahati, ni watu kufuatana na watu. Yule aliyejifunzia malipo ya simu kwenye kampuni moja anaenda kuanzisha yake, anavuta wenzake wawili, hao nao baada ya miaka miwili wako benki au kwenye shirika fulani la kimataifa Gigiri, na kila mmoja ana namba ya mwenzake. Kampuni niliyoanzia mimi ilipokata watu, wenzangu niliokuwa nakaa nao meza moja walipata kazi nyingine bila hata kuhama mtaa, na wengi hawakutuma sivii popote, walipigiwa simu. Hicho ndicho unachokinunua ukihamia Nairobi, na ndio maana mtu wa bakiendi (upande wa seva wa programu) au wa data ambaye bado anajijenga huwa namwambia aanzie huku hata kama ofa ya Kigali imezidi kidogo.

Kigali ni mji mdogo. Sensa ya 2022 iliwakuta watu kama milioni 1.7, Nairobi ya 2019 ilikuwa milioni 4.4, na waajiri wa developa Kigali unaweza kuwajua karibu wote kwa muda mfupi. Ukigombana na bosi mmoja, au kampuni ikayumba, milango ya kugonga ni michache. Lakini msinielewe vibaya, kuna watu nawaambia kabisa waende Kigali na wasisite. Kama unafanya remoti kwa kampuni ya nje na mkataba wako hauna uhusiano na soko la pale, Kigali unafanya kazi kwa utulivu ambao Nairobi huupati. Kama unataka kusoma, Carnegie Mellon wana chuo chao pale, CMU-Africa, wanafundisha shahada za uzamili za uhandisi na teknolojia ya habari, na ukikaa mji uleule na watu wa namna hiyo unafaidika hata kama wewe husomi. Na kama kazi yako ni ya mambo yaliyokomaa kule kuliko kwingine, kama droni za kupeleka damu hospitali ambazo Zipline walizianza Rwanda 2016, au mifumo ya huduma za serikali kama Irembo ambapo mwananchi anaombea vyeti na vibali mtandaoni, basi nenda, mana hayo utayajifunza pale penyewe yanapofanyika.

Tuje kwenye hela, mana najua ndiko macho yenu yaliko. Ofa zote mbili zinaandikwa kabla ya makato na makato ni makubwa kote kote. Kwa viwango vya 2025, mshahara wa shilingi 200,000 za Kenya ukitoa PAYE (kodi ya mshahara), NSSF (pensheni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ile tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, mkononi unabaki na kama 138,000. Rwanda mshahara wa faranga 1,500,000, kila kinachozidi 200,000 kwa mwezi kinakatwa asilimia 30, na mchango wa pensheni wa mfanyakazi ulipanda kuwa asilimia 6 mwaka 2025, kwahiyo mkononi haifiki hata milioni moja. Yaani kote theluthi hivi inaondoka, hivyo makato yasikuchagulie mji. Kinachotakiwa kukuumiza kichwa ni mkataba umeandikwa kwa hela gani. Shilingi ya Kenya mwanzoni mwa 2024 ilifika 160 kwa dola, katikati ya mwaka ikawa imerudi kwenye 129 hivi. Faranga ya Rwanda yenyewe imekuwa ikishuka taratibu mwaka hadi mwaka. Kama kila mwezi unatuma hela nyumbani Tanzania, hiyo tofauti inamgusa mama yako moja kwa moja, kwahiyo ulizia kama wanaweza kuandika mshahara kwa dola au angalau kuweka kipengele cha kuupitia upya kila mwaka. Wengine wanakubali ukiomba kabla ya kusaini. Ukishasaini, sahau.

Maisha ya kila siku sasa. Nairobi asubuhi inakula mtu. Kama ofisi iko Westlands na wewe umepata nyumba nafuu huko Rongai au Kitengela, jiandae kuamka giza, na mvua ikinyesha jioni unasimama stendi unamsikia makanga (konda) anataja nauli ambayo saa moja iliyopita ilikuwa nusu yake, na utalipa, mana gari inayofuata itataja hiyohiyo. Ile barabara ya juu ya kulipia iliyofunguliwa 2022 toka Mlolongo mpaka Westlands inasaidia mwenye gari. Wewe wa matatu inakupita juu ya kichwa. Simu yako usiitoe ovyo ukiwa umekaa dirishani, hilo hata wenyeji watakwambia. Mimi ushauri wangu huwa ni kulipa kodi kubwa kidogo ukae karibu na ofisi mwaka wa kwanza, hata kama ni chumba kimoja tu, mana yale masaa mawili matatu ya barabarani ndiyo ungeyatumia kukutana na watu, na nimeshasema watu ndio sababu ya kuja Nairobi.

Kigali usiku mwanamke anatembea peke yake saa nne na hana wasiwasi. Sisi wanawake tunajua hiyo ina thamani gani na hakuna mahali inapoandikwa kwenye ofa. Unapanda moto, ndivyo wanavyoita bodaboda kule, dereva anakupa helmeti kabla hujakaa, unafika. Jumamosi ya mwisho wa mwezi asubuhi ni umuganda, kila mtu yuko kwenye usafi na kazi za mtaa, maduka yamefungwa mpaka kama saa tano, kwahiyo ukiwa zamu ya kuangalia seva siku hiyo chakula nunua Ijumaa. Ofisini mtaongea Kiingereza, mtaani ni Kinyarwanda, na hapo wengi wanapata upweke miezi ya mwanzo, ila ukienda mtaa wa Nyamirambo utakuta Kiswahili kinaongewa kabisa na chai ya maziwa na chapati kama uko nyumbani. Jifunze Kinyarwanda mapema, hata cha kuombea bei tu, watu wanakufungukia.

Kitu ambacho watu wanakiruka halafu kinawavunjia nyumba ni mwenza. Sisi wa Afrika Mashariki tunaingia bila viza, na mtu anadhani ndio basi, itifaki ya soko la pamoja ipo tangu 2010 nitafanya kazi popote. Hapana. Kibali cha kazi bado kinatakiwa, na kinaandikwa kwa jina la mwajiri fulani, ukihama kampuni mwajiri mpya anaomba upya. Mume au mke anayekufuata Kenya kwa pasi ya mtegemezi haruhusiwi kufanya kazi kwa pasi hiyo, naye anatakiwa apate mwajiri wa kumuombea kibali chake. Kama mwenzio ni mwalimu au nesi na amezoea kipato chake, kaeni mlizungumze hili kabla ya yote, ikiwezekana aanze naye kutafuta kazi katika mji huohuo mkiwa bado nyumbani. Nimeona mtu mwenye mshahara mzuri sana akirudi Tanzania kwa sababu mwenzake alikaa ndani mwaka mzima anaangalia ukuta.

Na misiba. Sisi tunazika, hatutumi rambirambi tu. Piga hesabu utafikaje kwenu ukipigiwa simu saa nane usiku. Kwa mtu wa Mwanza, toka Nairobi unarudi na basi la usiku kupitia Narok, Kisii, Migori unatokea Sirari. Toka Kigali unapitia Rusumo, na tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe 2025 ile foleni ya kivuko haipo tena ukipita njia ya Geita. Mtu wa Arusha yeye Nairobi ni Namanga tu, asubuhi anatoka mchana ameshafika, na kwa mtu wa Arusha mwenye wazazi wazee hilo peke yake linatosha kuamua.

Kabla hujajibu barua yoyote nenda ukakae huo mji wiki nzima, na usiende wikiendi. Nenda Jumatatu, lala mtaa utakaoweza kuulipia wewe mwenyewe, sio hoteli waliyokulipia, toka asubuhi saa moja uende mpaka mlango wa hiyo ofisi na jioni urudi. Mtafute mtu aliyeacha kazi kwenye hiyo kampuni, LinkedIn wapo, muulize mshahara ulikuwa unaingia tarehe ngapi. Alafu waandikie HR na wakujibu kwa maandishi: nani analipia kibali, nani analipa dipoziti ya nyumba, na wakikuachisha ndani ya miezi sita nani anagharamia kukurudisha. Barua ya kuacha kazi uliyonayo sasa usiipeleke mpaka kibali kimetoka na umekiona kwa macho yako, hata kama wanakuambia kiko njiani na wanakuhitaji Jumatatu.