Nimfa: miungu au viumbe wa kufa?

Ndugu, umeuliza kama nimfa, yaani roho za kike za maumbile katika hadithi za Wagiriki wa kale, walikuwa miungu kamili, na kama walikufa. Walikuwa katikati, na mpaka wenyewe haukuwa wazi. Kalypso, aliyemzuia shujaa Odysseus kisiwani kwake miaka 7, mshairi Homer anamwita nimfa hapa na mungu wa kike pale.

Miungu wakuu kama Zeus na Athena waliabudiwa mji kwa mji, lakini nimfa alikuwa wa pale pale: chemchemi hii, mlima huu, mti ule. Wa maji baridi waliitwa Naiadi. Wa baharini Nereidi, mabinti 50 wa mzee Nereus, na mmojawapo, Thetis, ndiye mama yake shujaa Achilles.

Kuhusu kifo, hapa ndipo panaponigusa zaidi. Nimfa wa miti waliishi miaka mingi mno, ila si milele. Mwaloni ulichipua siku aliyozaliwa nimfa wake. Siku zake zikikaribia kwisha, mti hunyauka ukiwa umesimama, gome hukauka, matawi hupukutika, ndipo naye huiaga nuru ya jua. Kwa hiyo kuukata mti kulikuwa kumuua nimfa wake: mtu mmoja aitwaye Erysichthon alipoukata mwaloni katika msitu mtakatifu wa Demeter, mungu wa kike wa nafaka, aliadhibiwa kwa njaa isiyoshibishika.

Na watu waliwapenda kwelikweli. Huko Vari, kusini mwa Athens, lipo pango alilolichonga Archedemos wa Thera kwa ajili ya nimfa, karne ya 5 KK. Alijichonga mwenyewe ukutani, ameshika zana zake za kazi. Bado yupo pale.