Kabla hujaandika "karne ya 18"

Wewe unayeanza kazi ya kuorodhesha sanamu, nikwambie kilichoniaibisha mwezi wangu wa kwanza. Ililetwa nakala ya shaba ya Narcissus wa Pompeii (mji wa kale wa Italia uliofukiwa na volkano), yule kijana aliyeinamisha kichwa kama anayetega sikio. Kutu yake ya kijani ilinilevya, nikaandika kwenye kadi "karne ya 18". Mkuu wangu akauliza: sanamu yenyewe ilifukuliwa lini? Mwaka 1862. Nilikuwa nimemfanya mtoto amzidi mama yake umri.

Tangu siku hiyo naanza na mwaka wa kufukuliwa. Fauni anayecheza (kiumbe wa hadithi za Kirumi, nusu mtu nusu mbuzi), naye wa Pompeii, ni 1830. Kwa Laocoön, yule kuhani anayezongwa na nyoka, mwaka haukusaidii sana: alipatikana Roma 1506, na kufikia 1540 msanii Primaticcio alikuwa huko akimchukulia kalibu ili asubiwe Fontainebleau, kwenye kasri la mfalme Francis I wa Ufaransa. Nakala zake zina karne nyingi za kutokea.

Kutu nayo usiiamini. Huko Naples, kiwanda cha Chiurazzi kiliuza sanamu ileile kwa rangi mbalimbali: kijani ya Pompeii, nyeusi ya Herculaneum, mji jirani uliofukiwa pamoja na Pompeii. Mteja alichagua kama achaguaye kitambaa dukani.

Kinachonisaidia zaidi ni futi ya kupimia. Shaba husinyaa ikipoa, hivyo nakala iliyotokana na kalibu ya sanamu yenyewe hupungua kama asilimia moja au mbili, na nakala ya nakala hupungua tena. Ila usipime kuanzia sakafuni hadi utosini, maana kiweko hubadilishwa (nimeliwa hapo pia). Pima mwili: kidevu hadi kitovu, goti hadi kisigino. Fauni wa asili ana sentimita 71 hivi. Ukikuta ni nusu yake, hapo hakuna kusinyaa, ni upunguzaji wa makusudi. Achille Collas alibuni mashine ya kazi hiyo miaka ya 1830, akashirikiana na Barbedienne, mwenye kiwanda cha sanamu za shaba Paris. Tafuta muhuri wao.

Halafu igeuze, mkiwa wawili. Palipochubuka chini ya kiweko, shaba huonyesha wekundu au unjano. Zinki iliyopakwa rangi huonyesha kijivu. Usikwaruze mwenyewe!

Kadi ya Narcissus niliiandika upya: "Naples, baada ya 1862". Mkuu akairudisha na alama ya kuuliza juu ya neno Naples.