Mtwara hadi Dar kwa gari la kukodi: mgonjwa aondoke saa ngapi?

SWALI: Tunaishi Mikindani. Mama yetu ana miaka 68, anaumwa magoti, na Jumatatu saa mbili asubuhi anatakiwa kliniki ya mifupa Muhimbili. Tutakwenda watu watano na mizigo. Tumempata dereva mwenye Noah, anashauri tuondoke Jumapili saa nne usiku kwa sababu barabara inakuwa tupu, tushukie hospitali moja kwa moja. Bei ametaja kwa mdomo tu, na mafuta anasema ni juu yetu. Je, mpango huu unafaa?

JIBU: Dada yangu, pole kwa kuuguza. Msiondoke usiku. Ondokeni Jumapili hiyohiyo, saa kumi na moja alfajiri, mama alale Dar, asubuhi aende kliniki akiwa amepumzika.

Kutoka Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Ukipiga hesabu ya mwendo wa 80 utapata saa saba, lakini huo mwendo haupo. Kila kijiji kina kibao cha 50, na askari wa tochi za kupima mwendo wapo. Wastani wa kweli ni kilomita 60 hadi 65 kwa saa, kwa hiyo ni kama saa tisa barabarani. Ongeza saa moja na nusu ya kusimama. Mkitoka saa kumi na moja alfajiri mtaingia Mbagala alasiri, jua lingali juu.

Barabara ya usiku anayoiita tupu ndiyo yenye malori yaliyoharibika katikati ya njia bila taa wala kiakisi, na ng'ombe waliolala juu ya lami. Kipande cha Mtwara hadi Mingoyo, njia panda ya kwenda Masasi kabla ya Lindi, mnakitumia pamoja na malori ya makaa ya mawe yanayotoka Songea kwenda bandarini, na msimu wa korosho malori yanaongezeka. Kulipita lori gizani wakati taa za mwenzako zinakupiga usoni ni jambo ambalo sitaki mama yako awe ndani yake.

Sasa dereva. Swali la kwanza kumuuliza ni hili: jana ulikuwa wapi, na ulilala saa ngapi? Wengi wanaofanya njia hii wanafika Mtwara jioni wakitokea Dar, wanakula, wanageuza usiku huohuo. Safari ya usiku inamwokolea pesa ya gesti na inamwahisha kazi nyingine. Usingizi haujali uzoefu. Humchukua hata dereva wa miaka ishirini. Ukisikia ameingia Jumamosi usiku, tafuta mwingine, au awe na mwenzake wa kupokezana usukani.

Gari likaguliwe mchana, siku moja kabla. Inama kwenye tairi, tafuta herufi DOT ubavuni. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne ndani ya umbo la yai. Zikisomeka 2317, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2017. Hata kama meno yake bado marefu, mpira wa miaka hiyo umekauka, na kwa joto la lami ya Kilwa mchana, gari likiwa limejaa, unaweza kupasuka. Angalia spea nayo, kisha omba kuona jeki na spana ya magurudumu kwa macho yako. Tazama pia rangi ya namba: gari la biashara lina namba nyeupe, la binafsi njano. Bima ya gari binafsi haikukatwa kwa ajili ya abiria wanaolipa, na ikitokea ajali kampuni ina sababu ya kukataa kuwalipa.

Kuhusu mama, asikae kiti cha nyuma kabisa. Mpeni kiti cha mbele kilichosogezwa nyuma hadi mwisho, anyooshe miguu. Simameni kila baada ya saa mbili hadi tatu, atembee kidogo hata kama hajaomba: Lindi, kisha Nangurukuru ambapo mtakuwa karibu nusu ya njia, kisha Ikwiriri mkishavuka Daraja la Mkapa. Dawa zake zikae kwenye mkoba wake, zisifungwe chini ya mizigo. Kama daktari amesema asikae kitako muda mrefu, ulizieni ndege ya Mtwara–Dar, ni kama saa moja tu angani.

Bei mnaweza kuihakiki wenyewe. Noah iliyojaa, kiyoyozi kikiwaka, inakwenda kama kilomita 10 kwa lita, yaani lita 56 kwenda. Dereva atahesabu na kurudi tupu, na ana haki hiyo, hivyo ni lita 112. Zidisha kwa bei ya pampu Mtwara, ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Juu yake weka malipo ya dereva, gesti yake na uchakavu wa gari. Akikubali kusubiri awarudishe, mafuta ya kurudi mnalipa mara moja tu. Mkimwacha arudi tupu kisha mkodi lingine, mnayalipa mara mbili. Ulizeni kliniki itachukua siku ngapi kabla ya kuamua.

Jumamosi jioni pita stendi ya Mkanaledi, waulize makondakta waliotoka Dar siku hiyo hali ya njia, hasa Somanga. Mei 2024, mvua zilizoandamana na Kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo wilayani Kilwa, magari yakakwama pande zote mbili. Kama kuna mashaka ya mvua, ondokeni Jumamosi.

Mkikubaliana, mtumie dereva ujumbe wa simu wenye saa ya kuondoka, namba ya gari, bei, nani analipa mafuta na mahali pa kushukia, naye ajibu kwamba amekubali. Mpeni pesa ya mafuta mkiondoka, inayobaki mama akishashuka.